Kwa nini mzee aliyeingia makao ya wazee anajivalisha mwenyewe anaishia kuvalishwa?

Ukisema wahudumu wana nguvu kuliko wazee wanaowatunza, wengi wanawaza matusi, kupigwa, kufungwa kwenye kiti. Hayo yapo, Marekani mpaka sheria ilitungwa 1987 kumlinda mzee asifungwe ili tu wahudumu wapate urahisi wa kazi. Lakini ukiishia hapo utaamini kwamba wakiajiriwa watu wenye roho nzuri tatizo limeisha, na haliishi, kwa sababu nguvu nyingi inapita kwenye msaada wenyewe.

Chukua asubuhi moja. Bibi anafunga vifungo vya blauzi, vidole vinatetemeka, kifungo cha pili kinateleza tena. Mhudumu ana wengine hawajaoga bado, "ngoja nikusaidie bibi", mara moja vyote vimefungwa. Kafanya kwa upendo kabisa, ila ratiba ndo imeshinda, na ratiba siyo ya bibi.

Margret Baltes, mwanasaikolojia wa Ujerumani, na wenzake waliangalia sana mambo kama haya wakaona mzee akionyesha hawezi anahudumiwa chap, akijifanyia mwenyewe mara nyingi hakuna anayemjali. Ni kama duka linalopokea noti ya aina moja tu, utaacha kubeba zingine. Pale ambapo watu wa kuongea nao ni wachache, kutoweza ndo kunakomleta mtu kitandani kwako, halafu misuli isiyotumika inapungua na kutoweza kunakuwa kweli.

Mwaka 1976 wanasaikolojia Ellen Langer na Judith Rodin waliambia wazee wa ghorofa moja ya makao huko Connecticut, Marekani, wajiamulie mambo yao na kila mmoja atunze mmea wake, ghorofa nyingine mimea ikamwagiliwa na manesi. Miezi 18 baadaye kwa waliojiamulia walikuwa wamefariki 15%, kwa wale wengine 30%. Inashtua, ila walikuwa wazee 91 tu na waligawanywa kwa ghorofa, kwa hiyo usiutegemee mmea kuzuia kifo.

Kinachonigusa zaidi ni utafiti wa mwanasaikolojia mwingine, Richard Schulz, kipindi hichohicho: wazee waliopanga wenyewe lini watembelewe na wanafunzi walichangamka kweli, lakini matembezi yalipokoma wakashuka vibaya kuliko wenzao. Uamuzi walipewa, ila aliyeweza kuuondoa alikuwa mtu mwingine.