Unakimbilia nje. Nje kuna nini?

Jumamosi iliyopita nilikuwa Njiro, hapa Arusha, nikikagua nyumba iliyotoka kupauliwa. Mama mwenye nyumba aliponisikia nataja tetemeko alinikatiza: "Injinia, hilo lisikusumbue. Likija tunakimbilia nje." Maneno hayohayo nimeambiwa Sakina, nimeambiwa Usa River, na nimeambiwa na mwashi aliyejenga nyumba nyingi kuliko mimi. Nimechoka kuyajibu kwa mtu mmoja mmoja, kwa hiyo leo naandika.

Anayekimbilia nje anapita mlangoni. Juu ya mlango wa mama yule kuna ukuta wa kuficha bati: kozi (mistari) sita za tofali za inchi 5, zimesimamishwa, bila nguzo wala nondo, zimekaa juu ya lenta, yaani mkanda wa zege na nondo unaofunga kuta juu, kwa mota peke yake. Ni karibu mita moja na nusu ya ukuta, na tofali moja la aina hiyo lina zaidi ya kilo 20.

Hapa naomba mnivumilie, kwa sababu ndipo penye jambo lenyewe. Ardhi ikitikisika, nyumba haichezi sawasawa. Juu hucheza zaidi kuliko chini. Ukuta wa chumba umeshikwa na msingi, umeshikwa na kuta za kona, na juu umefungwa na lenta, kwa hiyo una pa kuegemea. Ukuta wa kuficha bati umeshikwa miguuni tu, tena uko mahali nyumba inapocheza kuliko kwingine kote. Mota inavumilia kukandamizwa, lakini haiwezi kuvutwa. Ukuta ukisukumwa mbele na nyuma, kiungo cha kwanza juu ya lenta kinafunguka, na hapo hakuna tena kinachoushika. Ukiangukia ndani unapokewa na bati na kenchi, mbao zinazobeba paa. Ukiangukia nje, unampokea anayetoka mbio barazani.

Ni hivyohivyo kwa ule ukuta wa pembetatu unaofunga paa la kawaida ubavuni, na kwa fensi ndefu ya tofali isiyo na nguzo. Halafu kuna mnara wa tangi. Tangi la lita 2,000 likijaa ni tani mbili za maji, na nimeshaona mnara wa tofali tupu ukiwa umebeba mzigo huo hatua nne kutoka dirisha la chumba cha watoto. Mkifika nje, hivyo ndivyo vinavyowasubiri.

Na kufika kwenyewe si rahisi. Tetemeko la ukubwa wa 5.9 linatikisa kwa nguvu sekunde chache tu. Usiku mlango una geti la chuma, geti lina kufuli, umeme umekatika. Mpaka upapase ufunguo, limeshapita.

Wapo wanaosema kwetu hayaji makubwa. Tarehe 17 Julai 2007 lilipiga la 5.9 Gelai, karibu na Ziwa Natron, na miezi miwili haijaisha volkano ya Oldoinyo Lengai ikalipuka. Mimi nilikuwa mjini Arusha. Vikombe viligongana kabatini, basi. Tarehe 10 Septemba 2016 likapiga Kagera, nalo la 5.9. Wakafa watu wasiopungua 17, mamia wakaumia, maelfu ya nyumba yakabomoka au kupasuka. Namba ni ileile. Gelai ni nchi ya maboma ya miti na udongo, tena yako mbalimbali. Kagera lilikuta mji na vijiji vya tofali. Hiyo 5.9 inapima nguvu iliyofunguka kule chini kwenye mwamba, haipimi nyumba yako itafanywa nini. Hilo unalijibu wewe na fundi wako, siku ya kufunga lenta.

Lenta izunguke nyumba nzima bila kukatika, nondo zipishane vizuri kwenye kona, zege limwagiliwe wiki nzima. Kenchi zifungwe kwenye lenta kwa waya au mkanda wa chuma, zisilazwe tu. Kama lazima ufiche bati, fupisha ukuta, chomoza nguzo za nondo kutoka kwenye lenta, kisha funga juu kwa mkanda wa zege. Gharama inaongezeka, sikatai. Ndiyo maana nasema bora kozi mbili kuliko sita.

Sasa likianza ufanye nini? Vitabu vinasema inama, jifunike chini ya meza imara, shikilia mpaka litulie, ndipo utoke ukiangalia juu. Kwa nyumba yenye lenta kamili na paa la bati nakubali bila kusita, maana bati ni jepesi. Ila nyumba ya tofali za udongo isiyo na lenta kabisa, na bado zipo nyingi kwenye miteremko ya Meru na ya Kilimanjaro, hapo nasita. Ukiwa hatua mbili kutoka mlango unaotazama uwanja mtupu, mimi ningetoka, na wanangu nimewaambia hivyo. Wenzangu wananipinga, na hoja yao ni nzito: mtoto akishafundishwa kukimbia, atakimbia hata akiwa ghorofani shuleni, kwenye ngazi zilizojaa wenzake. Kila nikifundisha, hapo ndipo roho yangu haitulii.

Mengine ni kazi ya alasiri moja. Kabati la nguo lifungwe ukutani kwa skrubu. Kitanda kisikae chini ya dirisha, kihamishwe. Ufunguo wa geti, tochi na viatu vikae pamoja karibu na kitanda, kwa sababu vioo vitakuwa sakafuni. Tetemeko likishatulia, mtungi wa gesi funga koki kwanza. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa na hutuama chini, kwa hiyo usiwashe kiberiti. Weka maji ya kunywa ya siku tatu, nakala za vitambulisho, na fedha taslimu, mtandao wa simu ukikatika. Zimamoto ni 114.

Na wanaojenga kwenye korongo kwa sababu kiwanja ni cha bei nafuu, wakumbuke Katesh, Desemba 2023. Hapakuwa na tetemeko pale. Mvua ilishusha tope, mawe na magogo kutoka Mlima Hanang, na nyumba zilizokuwa kwenye njia ya maji ndizo zilizosombwa. Korongo lililokauka bado ni njia ya maji.

Mama wa Njiro nilipanda naye ngazi, nikaweka viganja viwili kwenye ule ukuta juu ya mlango wake, nikasukuma kidogo. Ulicheza, naye aliuona. Jumatatu fundi anaanza kushusha kozi nne.