Je, wajua kwamba Wakristo nao wana saa za kusali?

Mkristo anayeishi Unguja hakosi kuulizwa suala hili barazani: "Hivyo nyinyi mnasali Jumapili tu?" Muulizaji hana ubaya. Siku yake yeye inakwenda kwa adhana tano, na jirani yake hajamuona hata siku moja akiacha kazi adhuhuri. Wakristo wengi hujibu upesi kwamba Mungu anasikia wakati wowote, kisha mazungumzo yanahamia kwenye bei ya samaki. Jibu ni la kweli, lakini ni nusu. Ukristo una saa zake za sala, na zilikuwapo kabla Injili hazijaandikwa.

Fungua Matendo ya Mitume sura ya 3. Petro na Yohana wanakwea kwenda hekaluni "saa ya kusali, saa tisa". Sura ya 10, Petro yuko Yafa, amepanda darini kuomba yapata saa sita. Siku ya Pentekoste, watu wanapodhani wanafunzi wamelewa, Petro anawaambia kwamba ni saa tatu tu ya mchana. Tatu, sita, tisa. Mitume walikuwa Wayahudi na waliendelea kusali kama Wayahudi. Danieli naye, zamani hizo, alipiga magoti mara tatu kwa siku, madirisha yake yakiwa wazi kuelekea Yerusalemu.

Na hapa sisi tuna bahati yetu. Saa za Biblia zinahesabiwa tangu jua kuchomoza, kama tunavyohesabu wenyewe. Saa tisa ya Petro ni saa tisa ya Darajani, jua limeshapinda na watu wanakaribia alasiri. Mzungu akisoma mstari huohuo itambidi kwanza apige hesabu.

Wakristo wa kwanza walizipa saa hizo maana mpya. Katika Injili ya Marko, Yesu anasulubiwa saa tatu, giza linatanda saa sita, na saa tisa anapaza sauti na kukata roho. Kusimama kusali saa hizo kukawa ni kuufuata msalaba siku nzima, kazini na sokoni. Hata leo ibada ya Mateso katika Kanisa Katoliki, Ijumaa Kuu, kwa desturi huwa saa tisa alasiri. Tertuliano, mwandishi Mkristo wa Karthago, kwenye Tunisia ya leo, aliandika karibu na mwaka 200 kwamba sala ya kupambazuka na ya kuingia usiku ni wajibu, na kwamba tatu, sita na tisa si amri ila ni desturi njema ya kuwakumbusha watu wenye shughuli. Jumla yake ni tano. Najua msomaji wa Unguja ameshahesabu vidole.

Zilikwenda wapi basi? Hazikwenda mbali. Watawa walizichukua na kuziongeza, wakiufuata mstari wa Zaburi ya 119, "Mara saba kila siku nakusifu". Mapadre na masista wanazisali mpaka leo, ndizo Masifu ya Asubuhi, Masifu ya Jioni na nyinginezo. Mlei, yaani Mkristo asiye padre wala mtawa, alibakiwa na sala ya kuamka, ya chakula na ya kulala, pamoja na kengele ya Malaika wa Bwana, sala fupi ya Wakatoliki ya kukumbuka malaika alivyompasha Maria habari, asubuhi, adhuhuri na jioni: inagonga mara tatu, inanyamaza, tatu tena, inanyamaza, tatu tena.

Waanglikana wao waliziweka zote katika vipindi viwili, Sala ya Asubuhi na Sala ya Jioni, na ndivyo wamisionari wa UMCA, shirika la misheni la Kianglikana kutoka Uingereza, walivyozileta Zanzibar mwaka 1864. Askofu Edward Steere, aliyeanza kujenga kanisa la Mkunazini mwaka 1873, mwaka uleule soko la watumwa lilipofungwa, alijifunza Kiswahili kwa bidii kubwa ili watu wasali kwa maneno wanayoyaelewa. Zaburi kwa kawaida husomwa kwa kupokezana: upande huu mstari mmoja, upande ule unaofuata, na katikati ya mstari wote wanatua kidogo kuvuta pumzi. Kisha kila Sala ya Jioni ina wimbo wa Maria, ambao ndani yake mna maneno haya: "Wakuu amewaangusha katika viti vyao vya enzi, na wanyonge amewakweza." Maneno hayo yalisomwa na watu walionusuriwa kwenye majahazi ya watumwa, pahala palepale watu wenzao walipokuwa wakiuzwa. Hiyo, kwa maoni yangu, ndiyo sababu kubwa ya kuwa na saa na maneno yaliyopangwa. Mtu akiachiwa peke yake ataomba ada ya skuli na afya ya mama, na si vibaya, lakini hatafika mpaka kwenye viti vya enzi.

Yesu mwenyewe hakukataza saa. Alichokataza ni kusali ili uonekane: "ingia katika chumba chako cha ndani", ufunge mlango. Halafu anasema jambo linalotatiza zaidi kuliko saa zote, kwamba Baba anajua mnayohitaji kabla hamjamwomba. Kama anajua, tunaomba nini? Lakini mara tu baada ya kusema hivyo anawafundisha Baba Yetu, kwa hiyo kwake yeye kujua kwa Mungu hakuiondoi sala. Augustino, askofu wa kale wa Hipo huko Afrika Kaskazini, alilijibu suala hilo katika barua kwa mjane mmoja aitwaye Proba: Mungu hahitaji kupashwa habari, anataka hamu yetu ikue kwa kuomba, tuweze kupokea anachotayarisha kutoa.

Si Wakristo wote waliozikubali saa. Pemba, mwaka 1897, walifika Marafiki, wale waitwao Wakweka, wakaweka kituo Banani karibu na Chake Chake wafanye kazi na watumwa waliopata uhuru. Ibada yao ya asili haina padre, kengele wala kitabu. Watu wanakaa kimya pamoja mpaka mmoja aguswe kusema, na asipoguswa mtu wanaondoka bila neno. Walokole nao wana mikesha, kila mtu na sauti yake.

Liko suala jengine ambalo Mwislamu huuliza akishasikia yote haya: saa ikikupita, unailipa? Kwa mlei, hapana, hakuna sala ya kulipa. Padre Mkatoliki amefungwa na wajibu wa Masifu, lakini siku ikishapita anaanza na ya kesho.