Safari ya Bangladesh: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Bangladesh ikitajwa kwetu, wengi hukumbuka mambo mawili: lebo za nguo zilizoshonwa huko, na picha za watu waliosimama ndani ya maji yanayowafika kiunoni. Picha hizo si za uongo. Hata hivyo zimezaa dhana zinazomfanya msafiri aipite nchi hiyo akielekea India au Nepal, au aingie humo na ratiba isiyotekelezeka.

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba maji ya Bangladesh ni maafa matupu. Ukweli ni kwamba maji ndiyo yaliyoijenga nchi yenyewe. Ganges, ambayo ikishavuka mpaka huitwa Padma, Brahmaputra, ambayo huko huitwa Jamuna, na Meghna hukutana humo na kumwaga katika Ghuba ya Bengal udongo uliosombwa tangu milima ya Himalaya, na udongo huo ndio uliofanya delta iliyo kubwa kuliko zote duniani. Katika mwaka wa kawaida takribani sehemu moja ya tano ya nchi hufunikwa na maji, na wakulima wa mpunga huyangoja, kwa kuwa huacha rutuba yanapoondoka. Wabengali hutofautisha mambo haya kwa maneno mawili: barsha ni masika pamoja na maji yake yaliyozoeleka, ilhali bonna ni gharika, kama ile ya mwaka 1998 iliyofunika karibu theluthi mbili ya nchi. Anayeyaita yote mafuriko amekwisha kupotea kabla hajafunga mizigo.

Tofauti hiyo humgusa msafiri moja kwa moja anapochagua tarehe. Miezi ya Desemba hadi Februari ni mikavu na ya baridi kidogo, na ndiyo inayopendekezwa na karibu kila mtu. Lakini huwa na ukungu mzito unaoweza kusimamisha vivuko usiku kucha, jambo ambalo wapendekezaji hao hawalitaji. Masika, yaani Juni hadi Oktoba hivi, huelezwa kuwa msimu wa kukaa nyumbani, ilhali ndio wakati ambapo mabonde ya kaskazini-mashariki yaitwayo haor, kama Tanguar Haor, hugeuka kuwa bahari ya maji baridi ambamo vijiji huonekana kama visiwa. Anayefika huko wakati wa kiangazi hukuta mashamba, malisho na ndege wa majini. Vimbunga huja hasa Aprili na Mei, kisha Oktoba na Novemba. Navyo si vya kupuuzwa, ila hapa pia picha imepitwa na wakati: kimbunga cha mwaka 1970 kiliua watu laki kadhaa, lakini Amphan kilipopiga Mei 2020, watu zaidi ya milioni mbili walikuwa wamehamishwa mapema, na waliokufa Bangladesh walihesabika kwa makumi.

Wapo pia wanaodhani kwamba, kwa kuwa nchi ni ndogo, siku nne zinatosha kuizunguka yote. Ni kweli kwamba eneo lake halifiki hata sehemu moja ya tano ya Tanzania. Lakini eneo hilo lina watu zaidi ya milioni 160, na mito huikata barabara kila mahali. Basi la kutoka Dhaka, mji mkuu, hadi Cox's Bazar, mji wa pwani, mwendo wa kilomita 400 hivi, linaweza kuchukua saa kumi au zaidi. Reli iliyofika huko mwaka 2023 imepunguza adha hiyo, na Daraja la Padma, lenye urefu wa kilomita 6.15 na lililofunguliwa Juni 2022, limeiunganisha Dhaka na kusini-magharibi bila kivuko. Kutokana na daraja hilo imezuka dhana nyingine, kwamba safari za meli zimekufa. Abiria wamepungua kweli, lakini meli za ghorofa kadhaa bado hung'oa nanga jioni katika gati la Sadarghat na kufika Barishal alfajiri, na kwa maoni yangu usiku mmoja juu ya sitaha hiyo humfundisha mgeni mengi kuliko siku mbili ndani ya foleni za Dhaka.

Kwamba nchi yote ni tambarare, hilo hukanushwa na vilima vya chai vya Sreemangal na, zaidi, na milima ya Bandarban na Rangamati, ambako mgeni hutakiwa kupata kibali kabla ya kuingia.

Sundarbans, msitu mkubwa wa mikoko ambao Bangladesh inaugawana na India, ndiko matarajio yanakovunjika mara nyingi zaidi. Watu huenda wakiamini watamwona chui milia, kana kwamba ni simba wa Serengeti. Sensa ya mwaka 2018 ilikadiria chui milia 114 katika upande wa Bangladesh, wenye kilomita za mraba zipatazo 6,000 za mikoko na mifereji, na mnyama mwenyewe hujificha hodari. Anayepanda boti Khulna au Mongla, akiwa na kibali na mlinzi mwenye silaha, aende kwa ajili ya msitu: paa wenye madoa, mamba, pomboo wa mtoni, na mizizi ya kupumulia iliyochomoza matopeni, ambayo mtu wa Rufiji au Lamu ataitambua mara moja.

Husemwa vilevile kwamba hakuna mambo ya kale. Paharpur kuna magofu ya makao makubwa ya watawa wa Kibudha ya karne ya 8, na Bagerhat kuna mji wa misikiti wa karne ya 15. Msikiti wake mkuu, Shait Gumbad, jina lake maana yake ni kuba sitini, nao una kuba 77 juu ya paa, bila kuhesabu zile nne za minara ya pembeni; zilizo sitini ni nguzo za ndani.

Kuhusu lugha, yaani Kibengali, Mswahili ana akiba asiyoijua. Gari ni gari, bima ni bima, duka ni dokan, chai ni cha, dunia ni duniya. Kwa kuwa wageni ni wachache, watu watamkodolea macho na kumuuliza "kon desh?", yaani ni wa nchi gani, na kumtazama huko kwa kawaida ni udadisi, wala si uadui. Wakizoeana watamsalimu "ki khobor?", ambayo neno kwa neno ni habari gani, na jibu lake ni "bhalo", nzuri.