Je, wajua kwa nini wafiwa wa Israeli na Palestina huomboleza pamoja?

Kila mwaka, usiku wa kuamkia siku ambayo Israeli huwakumbuka askari wake waliokufa vitani na raia wake waliouawa katika mashambulizi, hufanyika maombolezo mengine ambayo serikali haiyaandai wala haiyapendi. Humo Mwisraeli aliyefiwa na mwanawe na Mpalestina aliyefiwa na binti yake husimulia kwa zamu habari za marehemu wao, kila mmoja akimsikiliza mwenzake. Maombolezo hayo yalianzishwa mwaka 2006 na Combatants for Peace, jumuiya ya wanajeshi wa zamani wa Israeli na wapiganaji wa zamani wa Kipalestina, na sasa huandaliwa pamoja na Parents Circle – Families Forum, jumuiya ya familia zaidi ya 600 zilizofiwa kutoka pande zote mbili. Mzazi ambaye mtoto wake ameuawa anawezaje kuketi na watu wa upande uliomuua?

Wengi hudhani kwamba watu hawa wamekwisha kusamehe, na dhana hiyo huwaonea. Wapo waliosamehe, wapo waliokataa katakata, na hakuna anayedaiwa msamaha ndipo apokelewe. Kinachowaunganisha ni uamuzi kwamba damu ya mtoto wao isigeuzwe kuwa sababu ya kumwaga damu ya mtoto wa mtu mwingine. Uamuzi huo una uzito kwa sababu ya anayeutamka. Katika jamii zote mbili mfiwa hupewa heshima ya pekee, na wanasiasa hupenda kusema kwa niaba yake. Kwa hiyo mfiwa anaposimama na kusema kwamba hataki kulipiziwa kisasi, ni vigumu kumwambia kwamba hajui anachokisema.

Mwanzilishi wa Parents Circle ni Yitzhak Frankenthal, Myahudi mshika dini, ambaye mwanawe Arik, askari kijana, alitekwa na kuuawa na Hamas, kundi la Kipalestina lenye silaha, mwaka 1994. Mwaka uliofuata Frankenthal alianza kuwatafuta wazazi wengine waliofiwa, na mwaka 1998 wakakutana kwa mara ya kwanza na familia za Kipalestina, zilizotoka Gaza. Intifada ya pili, yaani maasi ya Wapalestina dhidi ya Israeli, ilipolipuka mwaka 2000 uhusiano huo na Gaza ulikatika, lakini familia za Ukingo wa Magharibi na Jerusalem Mashariki zikajiunga.

Wanaojulikana zaidi miongoni mwao ni Rami Elhanan na Bassam Aramin. Elhanan, ambaye baba yake alinusurika Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi, alimpoteza binti yake Smadar, mwenye umri wa miaka 13, tarehe 4 Septemba 1997, washambuliaji wa kujitoa mhanga walipojilipua katika mtaa wa Ben Yehuda mjini Jerusalem. Amesimulia mara nyingi kwamba alikwenda kwenye mkutano wake wa kwanza wa jumuiya shingo upande, na kwamba kilichomvunja moyo wa chuki ni kumwona mama wa Kipalestina aliyevaa nguo nyeusi, picha ya mtoto wake ikiwa kifuani. Aramin, kwa upande wake, alifungwa na Israeli akiwa na umri wa miaka 17, akakaa gerezani miaka saba, kisha akawa miongoni mwa waasisi wa Combatants for Peace. Wawili hao walikuwa tayari marafiki wakati, mwezi Januari mwaka 2007, binti wa Aramin, Abir wa miaka 10, alipopigwa risasi ya mpira kichwani na askari wa Israeli wa ulinzi wa mpaka, nje ya shule yake huko Anata. Hakuna aliyeshtakiwa kwa kosa la jinai. Ilimbidi baba aende mahakamani mwenyewe, na mwaka 2010 mahakama ya Jerusalem ikaamua kwamba dola ndiyo yenye dhamana ya kifo hicho. Baadaye Aramin alisomea historia ya mauaji ya Wayahudi yaliyofanywa na Wanazi katika Chuo Kikuu cha Bradford nchini Uingereza, na wanajeshi wa zamani wa Israeli wapatao mia moja walijenga bustani kwa jina la Abir katika shule aliyokuwa akisoma.

Msiba wa wazazi hawa ni sawa. Maisha yao si sawa. Mpalestina wa Ukingo wa Magharibi anahitaji kibali cha jeshi ili aingie Israeli, na kibali hicho huweza kufutwa wakati wowote. Mwisraeli naye amekatazwa kisheria kuingia katika miji inayotawaliwa na Mamlaka ya Palestina. Ndiyo maana mikutano mingi hufanyika Beit Jala, jirani na Bethlehemu, ambako zipo sehemu za pembezoni zilizo chini ya udhibiti wa Israeli na ambako wote wawili hufika bila kuvunja amri. Mwaka 2018, na tena mwaka 2019, serikali iliwanyima Wapalestina ruhusa ya kuhudhuria maombolezo ya pamoja, na mara zote mbili Mahakama Kuu ikatengua uamuzi huo.

Lawama hutoka pande zote. Waisraeli wengi huwaita wenzao wasaliti, na mwezi Aprili 2025 kundi la watu lilishambulia sinagogi la Ra'anana ambako maombolezo hayo yalikuwa yakionyeshwa kwenye skrini. Wapalestina wengi, nao, huona kwamba kuketi na Waisraeli hali nchi ingali inakaliwa kimabavu ni kuuhalalisha ukaliaji huo. Hoja hii ya pili naiona kuwa nzito, kwa kuwa mazungumzo yanayoficha nani ana silaha na nani anasimamishwa kwenye kizuizi hayafai kitu. Lakini jumuiya hii haifichi: inataka ukaliaji ukome, na inayatamka hayo mbele ya Waisraeli wenyewe. Katika mojawapo ya programu zake, washiriki wa pande zote hutembelea pamoja Yad Vashem, jumba la kumbukumbu ya Wayahudi waliouawa na Wanazi, na mabaki ya kijiji cha Kipalestina kilichobomolewa mwaka 1948. Kwa miaka mingi pia wanachama waliingia madarasani wawili wawili, Mwisraeli na Mpalestina, wakiwasimulia wanafunzi wa Israeli waliokaribia kujiunga na jeshi, mpaka mwaka 2023 Wizara ya Elimu ilipochukua hatua ya kuwafungia milango ya shule.

Robi Damelin, mzaliwa wa Afrika Kusini, ambaye mwanawe David aliuawa na mdunguaji wa Kipalestina mwaka 2002 akiwa askari wa akiba, aliiandikia barua familia ya muuaji baada ya kukamatwa kwake. Jibu alilolipata baadaye kutoka kwa mfungwa huyo lilikuwa kali, nalo halikumrudisha nyuma. Yeye na wenzake wanadai jambo mahususi kwa wanasiasa: mkataba wowote utakaotiwa saini uwe na utaratibu wa maridhiano kati ya watu wenyewe, jambo ambalo mikataba ya Oslo, ile ya miaka ya 1990 kati ya Israeli na Wapalestina, haikuliweka, na ambalo Damelin alikwenda kujifunza katika nchi aliyozaliwa, iliyounda Tume ya Ukweli na Maridhiano baada ya ubaguzi wa rangi kuanguka.