Kisima kilichokuta maji si hasara

"Mmechoronga mkakuta maji? Basi pesa zimezama baharini!" Neno hilo tunaotathmini visima vya mafuta nimelisikia tena wiki hii, na safari hii uzalendo umenishinda.

Kisima cha utafutaji hujibu swali moja: mafuta yapo au hayapo. Cha tathmini, kinachochorongwa mafuta yakishapatikana, kinaulizwa mengine: ni kiasi gani, yanaishia wapi, yatatiririka? Anayenunua shamba haridhiki kusimamishwa katikati yake. Hutaka kuonyeshwa mpaka. Ndiyo maana mara nyingi tunachoronga pembezoni makusudi, tabaka linakoinamia chini, tukijua fika kwamba huenda tukakuta maji. Kisima cha kwanza kikiwa na mafuta hadi chini kabisa ya mwamba wa mchanga, ninachojua ni kwamba yanashuka angalau mpaka hapo. Cha pili nacho kikijaa mafuta mpaka chini, wenzangu watashangilia, nami nitabaki na swali lilelile.

Presha ya mafuta ikichorwa dhidi ya kina hunipa mstari mmoja; maji ndiyo yanayonipa wa pili. Kifaa hushushwa kwa waya, kikabana pua yake kwenye ukuta wa kisima, kikanyonya majimaji kidogo, kisha tunasubiri presha itulie. Penye mafuta mepesi presha huongezeka kama bari 0.075 kwa kila mita ya kina; penye maji, kama bari 0.1. Chora mstari wa mafuta kutoka kisima kimoja na wa maji kutoka kingine. Inapokatana ndipo mpaka wa mafuta na maji ulipo, hata kama hakuna keekee iliyowahi kufika pale.

Sasa ugomvi wangu na wanaoutangaza mpaka huo kwa desimali. Mistari ile inapishana kwa bari 0.025 tu kwa mita. Kosea kina cha kisima cha mafuta kwa mita 1, umeshausogeza mpaka mita 3. Na mita 1 hupotea kirahisi: waya wa kilomita 3 hurefuka kwa uzito na joto, na mtambo unaoelea hupanda na kushuka bahari ikijaa na kupwa, huku kina kikihesabiwa kutoka sakafuni pake. Tena mwamba usiopitisha vizuri hushikilia presha ya tope la kuchorongea, lile linalojazwa kisimani wakati wa kuchoronga, ukasoma namba kubwa kuliko ya kweli. Pointi hizo mimi huzifuta kwenye mchoro. Kila ninapozifuta najiuliza: nafuta kosa, au nafuta ukweli usioukubali mstari wangu?

Vipimo vya umeme nitavipita haraka. Mlinganyo wa Archie wa 1942, unaokadiria mafuta kwa jinsi mwamba unavyozuia umeme, unatosha mchanga ukiwa safi. Mfinyanzi ukichanganyika humo nao hupitisha umeme, na mafuta yakaonekana machache kuliko yalivyo.

Linaloninyima usingizi ni dhana iliyojificha ndani ya mistari ile: kwamba visima vyote viwili vimo katika hifadhi moja, yaani mwamba mmoja ambamo mafuta na presha vinawasiliana. Mpasuko wa mwamba usiopitisha majimaji ukipita katikati, makutano yale huenda ni mchoro tu. Jaribio la kutiririsha mafuta kwa siku moja au mbili haliwezi kuona mbali sana na kisima. Jibu la uhakika huja uzalishaji ukishaanza, presha ikashuka upande mmoja na wa pili usitikisike, na wakati huo jukwaa la kuzalishia mafuta limeshajengwa.