Elimu kwa Umma: Tafuta Kinachonuka Kabla ya Kupuliza Manukato

Malalamiko ya harufu majumbani yanayofika kwa maofisa wa afya ya mazingira siku hizi yana sura mbili. Ya zamani ni ya jirani anayelalamikia shimo au pipa la taka la mwenzake. Mapya ni ya watu waliokohoa, waliotokwa machozi au kuungua mikono kwa sababu ya dawa ya kusafishia iliyouzwa kwenye chupa ya soda isiyo na lebo, au kwa kuchanganya dawa mbili "ziongezeane nguvu". Wote walitaka kitu kimoja: nyumba inukie. Ni nia njema. Tatizo ni kwamba wengi huanza na manukato kabla hawajajua kinachonuka.

Pua huzoea harufu ndani ya dakika chache tu, ndiyo maana mgeni huisikia mlangoni na mwenyeji haisikii kabisa. Toka nje robo saa, rudi, na uingie chumba kimoja kimoja polepole. Inama. Nusa kwenye matundu ya maji, chini ya sinki, nyuma ya friji, ndani ya kabati la nguo, kwenye kona ya godoro iliyo karibu na ukuta.

Harufu ya kwanza kuitilia shaka ni ya gesi ya kupikia. Gesi ya mtungi yenyewe karibu haina harufu; ule uvundo kama wa kabichi iliyooza hutiwa makusudi, kwa kemikali za jamii ya merkaptani, ili ikivuja ijulikane. Machi 1937, shule moja ya New London, Texas, nchini Marekani, ililipuka kwa gesi asilia iliyovuja bila mtu kuinusa. Karibu watu 300 walikufa, wengi wao watoto, na jimbo hilo likatunga sheria ya kuitia gesi harufu. Kwa hiyo anayewasha kijiti cha ubani ili kuifunika harufu hiyo anafanya kosa mara mbili: anazima kengele na kuleta moto. Funga valvu ya mtungi, fungua milango na madirisha (gesi hii ni nzito kuliko hewa, hulala sakafuni, hivyo mlango hufaa zaidi ya dirisha la juu), usiwashe wala kuzima swichi yoyote, na upige simu ukiwa nje. Gesi ikishatoka, paka maji ya sabuni kwenye regyuleta na mpira. Panapotoa mapovu ndipo panapovuja.

Ikiwa si gesi, basi mara nyingi ni bomba. Chini ya kila sinki, beseni la kunawia na tundu la bafu kuna kipande cha bomba kilichopinda, kiitwacho mtego. Watu wengi hudhani kimepindwa ili kikamate pete ikianguka. Hapana. Kazi yake ni kushika maji, na maji hayo ndiyo kizibo kinachozuia hewa ya mfereji wa maji taka isipande ndani. Ubunifu huo ni wa zamani: Alexander Cumming, fundi saa wa Uskoti, alipata hataza ya choo chenye bomba lililopinda hivyo mwaka 1775. Kina cha maji hayo kwa kawaida ni milimita 50 hadi 75 tu. Bafu la wageni lisipotumika kwa wiki kadhaa, yanakauka na mlango wa mfereji unakuwa wazi.

Tiba yake ni lita moja ya maji. Mimina kwenye kila tundu lisilotumika, likiwemo lile la sakafuni ambalo kila mtu hulisahau, kisha subiri saa moja. Harufu ikikatika, umepata jibu. Rudia kila wiki mbili, na ukisafiri kwa muda mrefu ongeza kijiko kimoja au viwili vya mafuta mepesi juu ya maji ili yasikauke haraka. Ikirudi siku hiyohiyo, sikiliza. Sinki likikoroma kila choo kinapovutwa, bomba la kupumulia (lile linalopanda hadi juu ya paa kuingiza hewa kwenye mabomba) limeziba au halikuwekwa, na maji ya mtego yananyonywa kila mara. Hapo anahitajika fundi bomba apande kulizibua. Asidi haizibui bomba la hewa, na tungeomba watu waache kuimwaga kwa kubahatisha. Choo kinachocheza ukikalia kina kasoro nyingine: muhuri wa chini umeachia, na harufu inatokea kwenye msingi wake. Utelezi mweusi uliomo kwenye tundu la juu la beseni hutoka kwa brashi nyembamba na maji moto ya sabuni, si kwa kupuliza.

Harufu ya mayai viza ni ya salfidi ya hidrojeni, gesi inayotoka kwenye maji taka. Kiasi kidogo sana hunusika, lakini ikifika takribani sehemu 100 kwa milioni, neva za pua hufa ganzi na mtu anadhani imekwisha. Ndiyo sababu hakuna anayeruhusiwa kuingia kwenye shimo la maji taka kuokota kitu au kumfuata aliyezimia humo bila kifaa cha kupumulia, hata kwa dakika moja.

Unyevu nao una harufu yake, ile ya nguo zilizovunda. Zulia, godoro au mto uliolowa unapaswa kukauka ndani ya saa 24 hadi 48. Ukichelewa, kuvu inaanza kuota. Unyevu wa hewa ubaki chini ya asilimia 60, na vizuri zaidi kati ya 30 na 50. Kipimo chake ni kifaa kidogo cha kuweka mezani. Sogeza kabati kama sentimita tano kutoka ukutani ili hewa ipite. Fungua madirisha yanayotazamana kwa dakika 10 hadi 15, kwa sababu dirisha moja peke yake halivuti hewa. Kupaka rangi juu ya kuvu ni kupoteza rangi. Mashine ya kufulia inayonuka mara nyingi imelishwa sabuni nyingi kupita kiasi: mabaki hukaa kwenye mpira wa mlango na bakteria wakala. Punguza sabuni, safisha kichujio, izungushe tupu kwa nyuzi 60 za Selsiasi, na uache mlango wazi.

Jikoni, shombo ya samaki ni somo zuri la kemia. Inatokana na trimethilamini, ambayo ni besi (kinyume cha asidi) na huruka hewani kirahisi. Ukipaka siki au maji ya limau kwenye ubao wa kukatia, asidi huigeuza kuwa chumvi isiyoruka, nawe unaisuuza kwa maji. Lakini siki hiyohiyo ukiichanganya na bikaboneti ya soda, kama wengi wanavyofanya kwa sababu mapovu yanafurahisha, vinauana. Kinachobaki ni maji yenye chumvi kidogo. Tumia kimoja kwa wakati. Bikaboneti iweke kavu kwenye kisahani ndani ya friji, baada ya kulisafisha. Friji likinuka hata likiwa tupu, angalia tundu la kutolea maji lililo nyuma kwa ndani, halafu kisahani cha maji kilicho chini au karibu na mota. Pipa la taka lioshwe lenyewe, maana kubadilisha mfuko pekee hakutoshi, na likauke kabla ya mfuko mpya.

Sasa dawa. Blichi ya nyumbani yenye asilimia 5 hupunguzwa kwa kutia mililita 20 kwenye chombo na kuongeza maji baridi hadi lita moja, na itumike siku hiyohiyo. Osha kwanza kwa sabuni, kwa sababu uchafu huimaliza nguvu. Kamwe usiichanganye na dawa ya choo yenye asidi: hutoka gesi ya klorini. Usiimwage penye mkojo mwingi wala pamoja na amonia: hutoka kloramini. Imani kwamba machozi na kikohozi ni dalili kuwa dawa "inafanya kazi" ni ya hatari, na bado tunaisikia. Ikitokea, toka nje, acha mlango wazi, usirudi kumalizia kusafisha, na nenda kituo cha afya kama kifua kinabana.

Vidonge vya naftalini visiwekwe kwenye nguo au mablanketi ya mtoto mchanga. Mtoto mwenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, anaweza kuvunjika chembe nyekundu za damu kwa kuvuta mvuke wake tu. Kopo la kupulizia manukato lisiwe karibu na jiko, kwani gesi inayosukuma mara nyingi ni butani au propani.

Lebo sahihi ya kemikali, kwa mujibu wa mfumo wa Umoja wa Mataifa uitwao GHS, uliochapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 2003, huwa na mambo sita: jina la bidhaa, alama za hatari ndani ya umbo la almasi lenye mpaka mwekundu, neno la onyo (Hatari au Tahadhari), maelezo ya madhara, maelezo ya kujikinga, na jina na anwani ya msambazaji. Chupa ya soda yenye kimiminika cha kijani haina hata moja.

Ukitaka kulalamika, usihamishie dawa kwenye chombo kingine. Funga kifuniko, simamisha chupa ndani ya ndoo, piga picha, andika tarehe, mahali uliponunua, kiasi ulichotumia na ulichokichanganya nacho, na uambatanishe risiti kama ipo. Ofisa huchukua sampuli mbele yako, huifunga kwa lakiri, mnasaini wote, nawe ubaki na nakala ya fomu. Sampuli isiyo na lakiri hukataliwa maabara na shauri huishia hapo. Muuzaji akipatikana na kosa, kutegemea sheria ya nchi, anaweza kuzuiliwa bidhaa, kuiteketeza kwa gharama zake, kutozwa faini, kunyang'anywa leseni au kushtakiwa.

Kwa harufu inayotoka kwa jirani, sheria nyingi za afya ya jamii huihesabu kuwa kero. Ofisa hukagua, hutoa notisi ya maandishi inayotaja kero, marekebisho yanayotakiwa na tarehe ya mwisho, kisha hurudi kukagua. Isipotekelezwa, mamlaka inaweza kufanya kazi yenyewe na kumdai mhusika gharama, au kumpeleka mahakamani. Aliyepewa notisi akihitaji muda zaidi aombe kwa maandishi kabla ya tarehe hiyo, siyo baada yake. Na kupuliza manukato asubuhi ya ukaguzi hakusaidii: mkaguzi hutazama maji ya mtego, mfuniko wa shimo na bomba la hewa.