"Thou" si neno la heshima

Siku hizi mtu akitaka kumtukuza mchungaji au mzee wa ukoo kwa Kiingereza, anachomeka "thou" kwenye kadi ya pongezi. Nia ni njema, ila neno hilo halina heshima hiyo. "Thou" ni "wewe", basi. Ni nafsi ya pili, mtu mmoja. Akiwa mtendwa ni "thee", kitu chake ni "thy". Wakiwa wengi walikuwa "ye" na "you", yaani nyinyi.

Heshima ilikuja baadaye, tena ikaangukia upande wa pili. Wanormani walipoitwaa Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kikawa lugha ya wakubwa, na kufikia karne ya 13 Waingereza walikuwa wameanza kuiga desturi ya kumwita mkubwa mmoja kana kwamba ni wengi. Msomaji wa Bukavu au Bujumbura hahitaji kufundishwa hili: kwa Kifaransa rafiki ni "tu" (wewe), bosi ni "vous" (nyinyi). Ndivyo "you" ilivyopanda cheo. "Thou" ikabaki kwa mtoto, mtumishi, mpenzi, na mtu unayetaka kumshusha.

Na walishushana kwelikweli. Mwaka 1603, Sir Walter Raleigh aliposhtakiwa kwa uhaini, mwendesha mashtaka Edward Coke alimfokea mahakamani: "I thou thee, thou traitor!" Neno hilo kaligeuza kitenzi, kama kusema: wewe nakuita "wewe", msaliti wee! Katika Twelfth Night, tamthilia ya Shakespeare, Sir Toby anamfunda mwenzake namna ya kuandika barua ya kuchokoza ugomvi, na moja ya mbinu ni kumpiga adui "thou" mara tatu hivi. Halafu wako Marafiki, yaani Wakweka, ambao kanisa lao liko Kaimosi, magharibi ya Kenya, tangu 1902. Waanzilishi wao huko Uingereza, katika karne ya 17, walimwita kila mtu "thou", awe hakimu au mkulima, kwa kuwa wote ni sawa mbele za Mungu. Walitukanwa na hata kupigwa kwa ajili hiyo. Lingekuwa neno la heshima, hakimu angekasirikia nini?

Mkanganyiko umetoka kwenye Biblia, ingawa watafsiri wa kwanza hawana kosa. William Tyndale mwaka 1526, na baada yake Biblia ya King James ya 1611, walifuata idadi tu: mmoja "thou", wengi "ye" na "you". Mungu anaitwa "thou", Farao naye "thou", na Shetani anafukuzwa kwa "get thee behind me". Tazama Luka 22:31-32. Yesu anamwambia Simoni kwamba Shetani ametaka kuwapata "you", kisha anasema amemwombea "thee". Kiingereza cha leo kinaandika "you" kote na msomaji hajui nani ni nani. Sisi tunasoma "amewataka ninyi", kisha "nimekuombea wewe", na hakuna anayepotea.

Baadaye "thou" ikatoka mitaani ikabaki kwenye sala, na neno linalosikika kanisani tu huanza kunukia ubani. Revised Standard Version, tafsiri ya Biblia ya Kiingereza iliyokamilika 1952, ikakoleza: ikaliondoa kwa wanadamu, ikamwachia Mungu peke yake. Hapo ndipo watu wengi walipoamini kuwa ni neno la enzi. Lakini sala ya Baba Yetu tunaisali "jina lako litukuzwe", na hakuna anayedhani "lako" ni neno la wafalme.

Kwa hiyo, ndugu yangu, mzee wako mwandikie "you". Hiyo ndiyo aliyoandikiwa mkubwa hata enzi za Shakespeare. Na ukiitumia "thou" kwa mpenzi wako, ambako inafaa kabisa, kitenzi chake ni "thou art", "thou hast", "thou givest". Ile "-eth" ni ya nafsi ya tatu, "he giveth", kwa hiyo usiandike "I giveth".